Siku Mwalimu Wepukhulu Alipomshika Mkwewe

Mwalimu Wepukhulu alikuwa amefundisha habari za bahari kwa miaka kumi na moja bila kuiona hata siku moja. Aliichora kwa chaki, akaichora kwa rangi ya nyumba juu ya gunia la mahindi, na mwaka mmoja alijaza beseni maji, akatia chumvi nusu kilo na kuwaambia wanafunzi waonje. Wawili walitapika. Nyangumi aliwaeleza kuwa ni mkubwa kama matrekta manne, kwa sababu katika shule ile ya barabara ya Endebess hakuna kilichojulikana kuwa kikubwa kuliko trekta, isipokuwa Mlima Elgon wenyewe.

Ndiyo maana watu wa mradi kutoka Bungoma waliposema wanatafuta mwalimu mmoja wa kufunzwa kutumia miwani ya uhalisia pepe, Wepukhulu aliinua mkono kabla sentensi haijaisha. Alikwenda Bungoma siku mbili, akarudi Jumatatu na kisanduku cheusi alichokipakata kama trei ya mayai. Ndani mlikuwa na miwani moja, pana, ya kufunika uso kuanzia kipaji mpaka puani. Ukiivaa humwoni jirani yako wala ukuta. Unachokiona ni kile ilichobeba tu, na hii ilibeba bahari nzima.

Mwalimu mkuu, Madam Jepkosgei, alimwita ofisini akamweleza masharti waziwazi.

"Ijumaa saa nne yule dada wa mradi, Wangui, anakuja kuona ukifundisha. Ukifanya vizuri, wanatuachia ishirini. Ukiharibu, wanapeleka Cheptais. Na unajua vile watu wa Cheptais watatucheka?"

"Sitaharibu, Madam."

"Sasa enda ujizoeze nayo. Hapa hakuna stima tangu transfoma iungue, kwa hivyo beba nyumbani. Lakini Wepukhulu, hiyo kitu ikipotea, usirudi hapa hata kuchukua kikombe chako cha chai."

Nyumbani kwake Tuwani, mjini Kitale, kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa na miguu miwili na sauti ya kwaya. Mama ya mkewe, Kukhu Nelima, alikuwa amekuja kutoka kwao Bungoma, karibu na Kibabii, kumwona mjukuu wake wa miezi mitatu. Kukhu ndivyo Wabukusu wanavyomwita nyanya, na yeye mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kumwita hivyo kabla hajamaliza siku mbili.

Asiyeijua heshima iliyopo kati ya Mbukusu na mama mkwe wake atasema haya ni mambo madogo. Mwanamume hamshiki mkono mama ya mkewe. Hali naye meza moja, halali naye chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Siku hizi wengi wameilegeza mila hiyo, wanasalimiana na hata kupiga picha pamoja harusini. Kukhu Nelima hakulegeza kitu. Alikuwa mama wa kanisa, tena mwenye cheo, lakini kwa habari ya wakwe alisema kama Mungu mwenyewe aliweka pazia hekaluni, yeye ni nani aliondoe. Pasta aliwahi kumkumbusha kwamba lile pazia lilipasuka. Kukhu akamjibu kwamba lililopasuka ni la Yerusalemu, la Bungoma bado lipo.

Basi usiku alilala kwa jirani, Mama Kang'ethe. Mchana aliingia kwa Wepukhulu kwa mlango wa nyuma, na Wepukhulu, kabla ya kuingia kwake mwenyewe kwa mlango wa mbele, alilazimika kukohoa mara tatu. Alikohoa sana wiki hiyo hata Mama Kang'ethe akamletea tangawizi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, katikati pazia, na wawili hao walipotaka kusemezana kila neno lilipitia kwa Dinah, mkewe Wepukhulu, aliyekaa penye pazia akinyonyesha.

"Dinah, mwambie baba ya mtoto chai yake iko tayari."

"Baba ya mtoto, chai iko tayari."

"Mwambie mama asante."

"Mama, anasema asante."

"Mwambie asikuwe anaweka sukari vijiko vinne. Si baba yake alikufa na sukari?"

Dinah alimhamisha mtoto titi la pili. "Amesikia, mama. Wote tumesikia."

Miaka saba waliishi hivyo. Katika miaka hiyo yote Wepukhulu alikuwa ameona visigino vya mama mkwe wake, mgongo wake, na pindo la leso yake. Uso hakuwahi kuutazama. Ungemuuliza kama mama huyo ana meno yote, asingekuwa na la kukujibu.

Jumatano saa kumi alasiri alirudi nyumbani, akakohoa mara tatu, asisikie kitu. Dinah alikuwa amepitiwa na usingizi na mtoto chumbani. Kukhu, kwa hesabu za Wepukhulu, alikuwa kwa Mama Kang'ethe akichambua mboga. Wepukhulu akasukuma meza ukutani, akavaa miwani, akasimama katikati ya sebule.

Bahari ikamfunika. Ilikuwa mara ya tano tangu arudi kutoka Bungoma na bado roho ilimruka. Maji yalikuwa juu, chini na kando, na samaki wa manjano walimpita mbele ya pua bila hata kumpisha. Akaanza kufundisha kwa sauti, maana ndivyo angefanya Ijumaa. "Darasa, tazameni kulia. Huyu ni kobe wa baharini. Msimshike." Akasogea hatua mbili. Ndipo kutoka chini ya miguu yake akaibuka nyangumi, na Wepukhulu akagundua kwamba miaka kumi na moja amekuwa akiwadanganya watoto wa watu. Matrekta manne yangeingia ndani ya mdomo wake na kuegeshwa.

Alirudi nyuma, mguu ukanasa kwenye mkeka, akatupa mikono yote miwili kutafuta cha kushika, akashika. Kilikuwa kitu kinene, chenye joto, kinachonukia moshi wa kuni na sabuni ya kipande. Akakikumbatia kwa nguvu zake zote, kwa sababu mnyama mwenyewe sasa alikuwa anampita juu ya kichwa. Kilichokumbatiwa hakikusogea. Sufuria ilianguka mahali, uji wa moto ukammwagikia miguuni, na yeye akastaajabu jinsi miwani ile ilivyotengenezwa kwa ufundi, hata maji ya bahari unasikia joto lake.

"Dinah," ikasema sauti karibu sana na sikio lake, pole pole, "mwambie mume wako aniachilie."

Wepukhulu akaivua miwani.

Uso wa Kukhu Nelima ulikuwa shubiri moja kutoka wake. Kitambaa kilikuwa kimeanguka, nywele nyeupe ziko wazi, mdomo umebaki nusu wazi. Meno yote yalikuwapo.

Dinah alitokea penye pazia na mtoto begani, akatazama, akaketi chini bila kutafuta kiti. Kukhu aliokota kitambaa chake, akajifunika kichwa na uso, akawageuzia wote mgongo. Wepukhulu alitamani ardhi ya Kitale ipasuke immeze, lakini ardhi ya Kitale ni ya mahindi, haina tabia hiyo.

"Mwambie mama sikujua," alisema. "Mwambie nilikuwa baharini."

"Mama, anasema alikuwa baharini."

"Mwambie hapa ni Kitale."

Hakukasirika kwa kelele. Angekasirika kwa kelele ingekuwa nafuu. Alikunja nguo zake mbili, akatia mkobani chupa ya mafuta na kitabu cha nyimbo, kisha akaichukua miwani pale ilipoachwa kwenye kiti, akaifunga ndani ya leso na kuibana kwapani.

"Dinah, mwambie mume wako hii kitu ndiyo ilimfunika macho. Naipelekea wazee waione. Akiitaka aifuate na mbuzi na blanketi, vile inafaa, tuoshe hii aibu."

"Mama, hiyo ni ya shule."

"Na mimi ni wa nani?"

Wepukhulu alikuwa amesimama mlangoni, mlango wa mbele, kwa sababu wa nyuma ulikuwa umezibwa na meza aliyoisukuma, ndiyo maana hata Kukhu alipoleta uji wa Dinah alikuwa ameingilia huo wa mbele. Kukhu alimjia moja kwa moja, uso ndani ya kitambaa, miwani kwapani. Hatua ya kwanza, Wepukhulu alijikaza. Hatua ya pili, akafikiria Ijumaa. Hatua ya tatu akaruka kando na kujigandamiza ukutani. Angefanya nini maskini? Kumnyang'anya ni kumshika mara ya pili, na kosa la kwanza lilikuwa bado bichi. Mwizi yeyote mwingine angemkimbiza mpaka stendi. Mama mkwe hakamatiki. Alisimama pale akaiona bahari ya shule nzima ikikata kona kwa Mama Kang'ethe na kupotea.

Alhamisi asubuhi alimweleza mwalimu mkuu. Madam Jepkosgei ni mtu wa upande wa mlimani, si Mbukusu, na habari yenyewe ilimchukua muda kuingia.

"Iko wapi?"

"Iko Bungoma, Madam."

"Imefika Bungoma na nani?"

"Na mama mkwe."

"Si ungemnyang'anya tu?"

"Siwezi kumshika, Madam. Kwetu haifai."

Madam aliweka kikombe chini. "Si umeniambia shida yote imeanza kwa sababu ulimshika?"

"Ndiyo, Madam."

"Basi si ungemshika tena kidogo."

Kimeli, mwalimu wa hesabu, alitoka ofisini mbio, wakamsikia akicheka kule nje mpaka akashika nguzo. Kufikia mapumziko ya saa nne habari ilikuwa imeenea. Walimu walipopishana naye walikunja mikono vifuani. "Pole pole, mwalimu," walisema. "Sisi wengine ni wakwe wa watu." Mpishi wa shule, mama wa miaka sitini, alimpa uji kwa kijiko kirefu akiwa amesimama mbali. Wepukhulu akacheka nao, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomuumiza ni Jerop, msichana wa gredi ya sita aliyemfuata mpaka dirishani.

"Mwalimu, kesho tutaingia baharini kweli?"

"Kweli."

"Mama amesema nibebe taulo. Nimewaambia wengine pia wabebe."

Watoto hawa wamelamba chumvi ya beseni kwa ajili yake, wameamini matrekta yake, na sasa wanafua taulo. Akarudi ofisini kuomba ruhusa. Madam Jepkosgei alimpa bila kuinua kichwa. "Kesho saa nne. Urudi nayo, ama urudi na barua ya kuacha kazi."

Mkono mtupu haulambwi. Blanketi alilinunua Kitale, la kahawia, zito, kwa pesa alizokuwa ameweka za viatu. Vile vya miguuni vilikuwa vimeanza kunywa maji, lakini vitakunywa kidogo tena. Mbuzi alimpata kwa shemeji yake, Wanyonyi, kaka ya Dinah, anayeishi pale pale nyumbani kwa Kukhu na ambaye alimpokea kwa huzuni kubwa na bei kubwa zaidi.

"Shemeji, huyu ni mbuzi wa familia. Nitakufanyia elfu nane."

"Sokoni ni elfu tano na nusu, Wanyonyi."

"Sokoni ni Jumatatu, bana. Leo Alhamisi, na wewe ndiye uko na haraka."

Basi kufikia saa nane mchana Wepukhulu alikuwa ameketi uani kwa mama mkwe wake, kwenye kiti cha plastiki kilichoazimwa kanisani, mbuzi upande huu, blanketi upande ule. Mbele yake walikaa wazee watatu. Aliyeongoza alikuwa Mzee Sirengo, mdogo wa marehemu baba ya Dinah, karani mstaafu, mwenye kofia ya manyoya na kikopo cha ugoro. Katikati, juu ya kigoda, ilikuwa miwani yenyewe, imefunikwa kwa ungo ili isiendelee kuwaangalia watu. Kukhu alikuwa jikoni, mlango nusu wazi, amewapa mgongo. Dinah, aliyekuja na mumewe na mtoto, alikaa kizingitini kufanya kazi yake ya kila siku ya kupitisha maneno.

"Ulimshika kwa mikono mingapi?" Mzee Sirengo alianza.

"Miwili, mzee."

"Kwa muda gani?"

"Sijui, mzee. Mpaka nyangumi alipopita."

Wazee wakatazamana. "Nyangumi ni nani?"

"Ni mnyama wa baharini, mzee. Nilikuwa ndani ya bahari."

"Mama anasema," Dinah alidakia kutoka kizingitini, "ati alimshika kama mtu ameshika gunia la mahindi bei ikipanda."

Mzee Sirengo aliandika hilo kwenye daftari. Alikuwa karani miaka thelathini, mkono ulikuwa bado unamwasha. "Kijana, watu wanaweza kusema ulikuwa umelewa. Mimi sisemi, lakini watu wanaweza kusema. Bahari iko Mombasa. Hiyo yako ya Kitale iko wapi?"

"Iko hapo chini ya ungo, mzee."

Hapo ndipo kesi ilipoharibika, au ilipotengenea, chagua mwenyewe. Wazee walisema hawawezi kuamua habari ya bahari ambayo hawajaiona. Wepukhulu akaifunua miwani, akampangusa Mzee Sirengo jasho la kipaji, akamvisha. Mkononi alishika simu iliyoonyesha kile ambacho mvaaji anaona, kama walivyomfunza.

Mzee taratibu akakunja suruali mpaka magotini. Kisha akainua miguu yote miwili akaiweka juu ya kiti. "Shikeni kofia yangu," alisema. Mbuzi alilia, mzee akageuka upande ule na kusema hata huku kuna mbuzi. Nyangumi alipoibuka, Mzee Sirengo, karani mstaafu, mdogo wa marehemu, alimrukia Wanyonyi aliyekuwa karibu, akamshika shingo kwa mikono miwili na kumng'ang'ania mpaka hatari ilipopita. Hakuna aliyeandika hilo kwenye daftari.

"Yule ng'ombe hana miguu," alisema alipovuliwa, akihema. "Na ni mpole. Hajanifanya kitu."

Wa pili alivaa, akawapiga samaki teke, kigoda kikapinduka. Wa tatu alikataa kuvua. Uani kulikuwa kumejaa vicheko, majirani wanachungulia juu ya ua, na jikoni sauti ikasema, "Dinah, waulize ni nini hiyo wanachekea na mimi nimeaibishwa."

"Mwambie Nelima aje aone," Mzee Sirengo alisema. "Ni kitu chake pia. Si ndiye amekileta?"

Baadaye Kukhu alitoka, leso usoni, akakaa kwenye kiti akiwa amempa Wepukhulu mgongo. Dinah alimshushia leso machoni, akamvisha miwani juu ya kitambaa cha kichwa, akakaza mkanda. Wepukhulu alisimama hatua nane nyuma, macho kwenye simu.

"Dinah, mwambie mama ageuke kushoto, kuna kobe."

"Mama, geuka kushoto, kuna kobe."

Neno lilipofika, kobe alikuwa ameshapita. "Naona maji tu," Kukhu alisema. Wakajaribu tena kulia, ikawa vile vile. Samaki hawangoji mkalimani. Mara mtoto, aliyelazwa chumbani, akaanza kulia kilio cha njaa, na Dinah akaenda. Wanyonyi alikuwa nyuma ya nyumba akimfunga mbuzi. Wazee wakaanza kuchunguza vidole vyao vya miguu, kwa maana hakuna mzee anayekubali kugeuzwa simu ya mtu.

Kobe akarudi kwenye kioo. Alikuwa anakuja kushoto, pole pole, akielekea kupotea. Wepukhulu alimtazama, akautazama mgongo wa mama mkwe wake aliyekaa wima akisubiri kuambiwa, na akawaona watoto wa gredi ya sita na taulo zao.

"Mama," alisema. "Geuka kushoto."

Mzee Sirengo aliacha kikopo cha ugoro hewani. Kukhu hakutikisika. Halafu akageuka kushoto.

"Huyu ni nini?"

"Ni kobe, mama."

"Anaenda wapi?"

"Anaenda kutaga mayai. Hata akiwa mbali namna gani, hurudi pale alipozaliwa."

"Kwao."

"Ndiyo, mama. Kwao."

Waliendelea hivyo, kulia, chini, mbele kidogo, yeye akimwongoza na mama akiuliza, mpaka nyangumi akaibuka. Kukhu hakumshika mtu. Aliinua uso taratibu kumfuata jinsi alivyopita. "Huyu amezidi trekta," alisema. Kisha akaweka mikono magotini, na alipoanza tena sauti yake haikuwa ile ya kwaya.

"Wepukhulu."

Miaka saba hajawahi kumtaja jina. "Naam, mama."

"Mwaka juzi Dinah akilazwa, wakati yule mtoto wa kwanza alitutoka, mimi nilifika hospitali asubuhi sana. Nilikupata umelala kwa benchi, umejikunja, viatu umeweka chini ya kichwa. Baridi ilikuwa mingi. Na nilikuwa na blanketi kwa mkoba. Nilisimama hapo, nikasema, huyu ni mkwe, siwezi mfunika. Nikarudi nalo mpaka hapa nyumbani." Aligusa kifua. "Hiyo kitu imekaa hapa. Sikuwa na mtu wa kumtuma aje akuambie. Dinah singemwambia, alikuwa na yake."

Simu ilikuwa imemfifia Wepukhulu machoni.

"Kulia kwako, mama," alisema hatimaye. "Kuna samaki mwekundu."

"Nimemwona," Kukhu alisema.

Mzee Sirengo alivuta ugoro, akapiga chafya mbili, akafungua daftari. Alitazama wenzake nao wakatikisa vichwa kukubali, kabla hata hajasema.

"Sisi hapa hatujaona Nelima akiongea na mkwe wake," alisema. "Nelima yuko baharini. Mtu akiwa ndani ya hiyo kitu hayuko hapa. Na kama leo yeye hayuko hapa, basi huyu kijana Jumatano hakuwa Kitale. Hakuna aliyeshika, hakuna aliyeshikwa. Mwalimu, chukua miwani yako."

Wepukhulu alishusha pumzi. Kisha, kwa kuwa elfu nane ni elfu nane, akauliza, "Kwa hivyo mbuzi narudi naye, mzee?"

Wazee walimtazama kwa huruma.

"Mbuzi hakuwa baharini, mwalimu."

Kukhu alikuwa ameshavuliwa miwani na Dinah aliyerudi, na kabla haijatoka vizuri leso ilikuwa imeshafunika uso. Alirudi jikoni kwa hatua zake za siku zote. Mlangoni alisimama, amewapa mgongo, sauti ya kwaya imerudi mahali pake.

"Dinah, mwambie mume wako blanketi nimeipokea. Na mwambie arudi nayo. Ni yake. Ajifunike."

Ijumaa saa nne, gredi ya sita ilikaa darasani, watoto thelathini na wanane na taulo thelathini na nane. Wangui wa mradi aliichukua miwani, akaigeuza, akainusa, akauliza kwa nini vioo vina unga wa kahawia. Wepukhulu alisema ni vumbi la barabara. Madam Jepkosgei alitazama dari.

Kisha Wepukhulu akafundisha. Hakukimbiza mtoto hata mmoja. Alisimama nyuma ya kila mmoja na simu mkononi, akamwambia geuka kushoto, pole pole, ngoja, anakuja, na mtoto akageuka. Jerop alipovua miwani aliushika mkono wake wa shati, akausikia mkavu, akasikitika kidogo. Halafu akasema, "Mwalimu, ulituambia matrekta manne."

"Nilikosea," Wepukhulu alisema. "Sikuwa nimemwona."

Wangui aliandika kwa muda mrefu. "Umejifunzia wapi kuelekeza mtu hivi? Wengi wanawapigia watoto kelele mpaka wanaanguka."

"Bungoma," alijibu, na hakudanganya.

Miwani ishirini zikabaki. Cheptais watasubiri zamu yao. Wakati wa chai Madam Jepkosgei alimletea Wepukhulu chai kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya kikombe chake kile kile, na Kimeli akamshika bega kwa makusudi, mbele ya watu wote.

Baada ya miezi miwili Kukhu Nelima alikuja tena kumwona mjukuu. Alilala kwa Mama Kang'ethe. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Wepukhulu alikohoa mara tatu akaingia kwa wa mbele, akakaa upande wake wa pazia, blanketi la kahawia mabegani kwa sababu Julai ya Kitale haina mchezo. Chai ilikuja kupitia kwa Dinah, asante ikarudi kupitia kwa Dinah. Sukari ilikuwa vijiko viwili. Walikunywa wote watatu, mtoto akicheza na pindo la pazia.

"Dinah," Kukhu alisema.

"Mama."

"Mwambie baba ya mtoto, kesho akitoka shule, aombe Madam ile bahari." Wakasikia kikombe kikiwekwa chini. "Niko na neno naye."